Shoka la Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1-7



Katika kitabu cha pili cha Wafalme twasoma habari fupi ya wanafunzi wa nabii Elisha. Nyumba yao ilikuwa nyembamba, nao walikuwa wengi. Basi wakamwomba nabii ruhusa waende Yordani, kila mtu akate boriti moja, wapate kujenga mahali pa kukaa. Nabii akawaruhusu, akafuatana nao. Hata mmoja wao alipokuwa akikata mti, chuma cha shoka lake kikachomoka na kuzama majini. Akalia kwa uchungu, kwa maana shoka lile halikuwa lake, alikuwa ameliazima.

Wasomaji wengi huipita habari hii upesi. Wamezoea kusoma katika kitabu hiki habari za wafalme na vita, na hapa ni shoka moja tu. Lakini Mungu hakuona vibaya iandikwe. Mambo madogo ya kila siku hayajifichi mbele zake, wala kuni za jikoni.

Leo nasema hasa nanyi mkaao mijini na katika masoko, Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu. Nanyi wenye maduka, hoteli na karakana. Maana mtu wa mjini husema, "Mimi sina shoka. Habari ya misitu na mvua ni ya watu wa shamba." Sivyo, ndugu yangu. Kila anunuaye mkaa amelishika shoka, ijapokuwa mpini wake ni mrefu, na mti huanguka mbali asikouona.

Tutazame mambo matatu.

La kwanza: kila mtu boriti moja.

Nabii hakuwakataza watu wale kukata miti. Walikuwa na haja, na Mungu ameweka miti kwa ajili ya haja za watu. Lakini walikwenda na kipimo: mtu mmoja, boriti moja. Je, sisi tuna kipimo gani? Katika tanuri la udongo, kama wachomavyo watu wetu, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Basi chungu kichemkacho mchana kutwa bila kifuniko, na jiko liwakalo wala hakuna kinachopikwa juu yake, si jambo dogo. Ni boriti ya pili na ya tatu, ambazo hatukuzihitaji.

Tena fahamuni kazi ya mti. Mti ulio hai huvuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina lake. Ukichomwa, hewa ile hurudi angani, ikajiunga na moshi wa magari na viwanda vya dunia nzima, nayo huizuia joto lisitoke, kama blanketi limzuiavyo mtu asipoe. Wapimao hali ya hewa wametoa habari ya kuwa mwaka 2024 ulikuwa na joto kupita miaka yote iliyopimwa, karibu nyuzi 1.5 zaidi ya siku za kabla ya viwanda.

Najua mtu atajibu, "Moshi huo ni wa mataifa tajiri, sisi Waafrika sehemu yetu ni ndogo." Ni kweli, na haki yataka wao watangulie kupunguza. Lakini deni la jirani haliniruhusu mimi kuvunja ukuta wa nyumba yangu. Mti ulioanguka Tarime umeondoa kivuli Tarime, na udongo wake umechukuliwa na mvua za Tarime.

La pili: shoka lilikuwa la kuazima.

Mtu yule hakulia kwa sababu ya bei ya chuma tu. Alilia kwa kuwa yuko mtu aliyemngoja alirudishe. Hayo ndiyo mafundisho ya Zaburi ya 24, ya kuwa nchi na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Sisi tumeazimwa.

Utazameni Mto Mara. Waanza katika misitu ya Mau, nchi ya Kenya, hukata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, hupita kati ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti, ukaishia katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mwendo wa kilomita kama 400. Katika kiangazi, nyumbu kwa maelfu na maelfu huukimbilia, kwa kuwa upande ule wa kaskazini hakuna mto mwingine usiokauka. Hakuna Mkurya, wala Mngoreme, wala Mwikoma awezaye kusema, "Mto huu ni wangu." Twanywa yaliyoachwa na walio juu, na walio chini watakunywa tutakayoyaacha sisi. Huko Mau, katika miaka ya nyuma, karibu robo ya msitu ilipotea kwa mashamba na shoka. Nasi tulio huku hatukuulizwa. Basi tusiwatende watoto wetu kama tulivyotendwa. Kila tarehe 15 Septemba watu wa Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara pamoja. Ni vema kuiadhimisha. Ni vema zaidi kuikumbuka tarehe 16, mama awashapo jiko.

La tatu: nabii aliuliza mahali.

Yule mtu alipolia, Elisha hakumkemea. Alimwuliza chuma kimeangukia wapi, naye akamwonyesha mahali penyewe. Toba isiyo na mahali ni maneno matupu. Mtu akisema, "Sisi wanadamu tumeiharibu dunia," hajasema neno bado. Na aonyeshe mahali pake.

Wewe mwenye hoteli au mama lishe, mahali pako ni jikoni. Loweka maharagwe tangu jioni, funika chungu, jenga jiko la udongo litunzalo moto, na ukiweza, pikia gesi. Wewe seremala, maranda na unga wa mbao usivichome bure uwanjani. Viko majiko yapikiayo kwa vitu hivyo. Wewe uchomaye matofali, jifunze kufyatua yale ya kufungamana yasiyohitaji tanuri. Wewe mwenye duka, zima taa zisizomwangazia mtu, wala usichome takataka za plastiki nyuma ya duka. Wewe mwenye pikipiki, safari ya hatua mia mbili iende kwa miguu. Na kila mwenye kiwanja apande miti, tena aimwagilie. Maana wengi hupanda mbele ya wageni, na mbuzi huvuna.

Lakini jihadharini msimgeuzie shoka maskini. Yuko mjane auzaye mkaa kwa kopo kando ya njia, naye kwa kopo hilo hulipa daftari za watoto. Ukimwambia tu, "Acha dhambi hii," umemwongezea mzigo. Bei ya mtungi wa kwanza wa gesi humshinda. Basi vikundi vya akina mama, mnaojua kuweka akiba pamoja, nunulianeni mitungi na majiko kwa zamu, na mjane huyo awe wa kwanza. Serikali yetu ilitangaza tarehe 8 Mei 2024 mpango wa kuwa watu 80 katika 100 watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mpango huo hautatimia ofisini, usipotimia katika vyumba vya namna hiyo.

Na sisi wa kanisa tutangulie. Waalimu na wainjilisti, hesabuni kuni zinazoteketea katika karamu zetu za Kipaimara na za arusi. Msiseme desturi haibadiliki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi walisema soko litakwama. Je, lilikwama? Twaenda na vikapu, kama walivyokwenda bibi zetu.

Mwisho, ndugu zangu, hatuokolewi kwa jiko wala kwa mche wa mti. Chuma hakielei kwa akili za mtu. Mungu ndiye aliyekielea­sha. Lakini kilipoelea, nabii alimwagiza yule mtu akiokote mwenyewe, naye akanyosha mkono akakitwaa. Neema ya Mungu haikumwacha amekaa ukingoni, mikono mifukoni.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, kila mmoja ajiulize: Shoka langu limeangukia wapi? Apaonyeshe mahali hapo mbele za Mungu, kisha anyoshe mkono.

Bwana, uliyetuazima nchi hii na mto huu, utusamehe tulivyopoteza, utupe mikono ya kuokota, tuirudishe kwako pamoja na watoto wetu bila aibu. Amin.