Kumwomba Mungu Atuhakikishie: Je, Ni Upungufu wa Imani?



Wapendwa vijana, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mugeta, huku Bunda. Siku moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni. Tembo walikuwa wamepita shambani kwake usiku, na mahindi yaliyobakiza wiki chache kuvunwa yakaisha. Wanaoishi jirani na hifadhi wanaijua habari hiyo. Akaniuliza: "Frateri, kila usiku namwomba Mungu anihakikishie kwamba bado yuko na sisi. Ni dhambi?"

Mimi na digrii yangu ya falsafa nikajibu harakaharaka: "Mama, mwenye imani haombi uhakika. Anaamini tu."

Akasema, "Haya, Frateri," akaondoka. Hiyo "haya" yake ilininyima usingizi.

Usiku ule nilifungua Isaya 7. Mungu anamwambia mfalme Ahazi aombe ishara yoyote, na Ahazi anakataa, eti hataki kumjaribu Bwana. Maneno mazuri kabisa, karibu sawa na yangu! Lakini ukisoma Wafalme wa Pili 16, unakuta Ahazi huyohuyo alituma fedha na dhahabu kwa mfalme wa Ashuru ili aje kumwokoa. Hakuomba ishara kwa sababu alishapata pa kuegemea kwingine.

Sasa mtazame Gideoni, Waamuzi 6. Huyu aliomba ishara ya ngozi ya kondoo, tena mara mbili, na Mungu hakumkemea. Kumbuka kwamba kabla ya kuomba alikuwa ameshapiga tarumbeta na kukusanya watu kwa vita. Aliomba akiwa tayari njiani, na huku anaogopa.

Basi hapo ndipo tofauti ilipo. Kijana anayesema, "Bwana, kama huyu ndiye mchumba wangu, anipigie kabla ya saa nne," anampa Mungu mtihani. Naye anayezunguka kwa waganga, au kwa yeyote anayeahidi kumtabiria kesho, anataka kujua yajayo ili asihitaji tena kumtegemea mtu. Lakini anayelia, "Bwana, upo?" hatafuti habari za kesho. Anamtafuta Mungu mwenyewe. Na huwezi kumuuliza mtu swali hilo kama huamini hata kidogo kwamba yupo wa kujibu.

Mtu atasema: imani si ni kuwa na hakika? Ndiyo. Ila Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba katika imani akili haikubali kwa sababu imeona. Inakubali kwa sababu utashi, ukisukumwa na neema ya Mungu, unaielekeza. Ndiyo maana akili ya mwamini inaweza kushika kwa nguvu zote na bado isitulie, ikaendelea kutafuta. Kumbe kutotulia huko si lazima kuwe shaka. Hatujamwona bado, na moyo unataka kumwona.

Hata Yohane Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma wanafunzi kumuuliza Yesu kama ndiye kweli. Yesu hakukasirika. Alimpelekea jibu, kisha akamsifu mbele ya umati. Lakini mlango wa gereza haukufunguliwa. Tukumbuke hilo pia: Mungu anaweza kukuhakikishia na tembo wakarudi.

Kabla sijaondoka nilimfuata yule mama. Nilimkuta shambani palepale, jembe mkononi, anaandaa kupanda upya. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe. Endelea kumuuliza Mungu."

Akacheka. "Sikuwa nimeacha, mwanangu."

Ndugu yangu, leo usiku kabla ya kulala, mwambie Mungu kile unachoogopa, bila kukipamba. Muulize kama yupo. Halafu kesho asubuhi amka, ushike jembe lako.

Tuombeane. Milele amina.