Mwenye Kambi Auza Nini?

Kila biashara ina swali lake, msomaji, na mara nyingi swali hilo ni jepesi. Mwuza sukari auza sukari. Akikupimia pungufu, utadai akuongeze. Lakini zipo kazi ambazo mwenye kuzifanya, akiulizwa auza nini, yampasa kufikiri kabla ya kujibu. Moja ya kazi hizo hufanywa katika milima ya Rocky, magharibi ya Marekani, na ingawa ni mbali nasi nataka tuitazame kwa makini.

Milima hiyo ni makao ya elki, mnyama wa jamii ya ayala, mkubwa kumpita tandala wetu. Dume huweza kufikia uzito wa kilo 300 na zaidi, na pembe zake zenye matawi huanguka kila mwaka zikaota upya. Mwezi wa Septemba, wakati wa kutafuta majike, hulia kwa sauti nyembamba kama ya filimbi, isikikayo hata ng'ambo ya bonde. Mwenye kambi ya uwindaji hujenga nyumba ya magogo chini ya milima, akafuga farasi na baghala, akaajiri wapishi na viongozi wajuao njia, akapokea wageni wanaolipa maelfu ya dola kwa siku chache. Huwapikia alfajiri kungali giza, kisha huwapandisha hadi kwenye hema za juu. Msimu wake ni majuma machache kabla ya theluji kufunga njia, na fedha ya majuma hayo ndiyo hulisha farasi muda wote wa baridi.

Basi auza nini? Elki si wake. Kwa sheria za huko mnyama wa mwitu si mali ya mtu, hata akilala katika shamba lake. Ni amana ya umma, nayo serikali ya jimbo hutoa ruhusa ya kumwinda kwa leseni, na mahali pengi leseni zenyewe hupatikana kwa bahati nasibu. Hata katika Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko yote, wawindaji walio wengi hurudi mikono mitupu. Mwenye kambi aweza kuuza kitanda, tandiko, chakula na maarifa yake. Mnyama hawezi kumwuza. Walakini mgeni hakutoka kwake kwa ajili ya kitanda.

Hapa ndipo penye mtego. Fikiri kwamba ni siku ya mwisho, jua lazama. Mgeni ni mzee, ameweka akiba miaka mingi kwa safari hii. Ng'ambo ya korongo dume amesimama, mbali kupita uwezo wa mkono wa mgeni. Kiongozi ajua kwamba yamkini risasi itampata tumboni, naye atakimbia usiku kucha akafie mahali asipoonekana. Mgeni ageuka, angoja neno. Kiongozi akisema "Piga", pengine bahati itasaidia. Akisema "Acha", mgeni atakwenda zake hana kitu, na huenda akawaambia rafiki zake wasije. Juu ya mlima ule hapana askari wala hakimu. Mimi naamini yampasa aseme "Acha". Nami nasema hivyo nikijua kwamba mshahara ulio hatarini si wangu.

Wapo waliotafuta njia ya kuepuka shida hii. Hufuga elki ndani ya ua mrefu, na mgeni huchagua dume amtakaye kwa bei ya pembe zake. Angalia, msomaji: mwenye ua hasemi uongo. Ameahidi mnyama, na mnyama atapatikana. Kwa kipimo cha ahadi peke yake, yeye ni mwaminifu kumpita mwenye kambi. Hata hivyo, mwaka 2000 wananchi wa Montana walipiga kura kukataza watu kulipa fedha ili wawapige wanyama waliofungwa hivyo, ingawa yako majimbo yanayoruhusu. Nadhani waliona kwamba ukiondoa uwezekano wa kukosa, hukuusaidia uwindaji, umeuondoa. Kinachobaki ni kuchinja kwa bunduki. Kuchinja ni kazi ya halali, lakini mgeni yule amelipia jina jingine.

Wazo kwamba mnyama apewe nafasi ya kuokoka lilitetewa na chama cha Boone and Crockett, alichokianzisha Theodore Roosevelt na wenziwe mwaka 1887. Ni huyo huyo aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, na katika safari ile yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500! Kanuni alikuwa nayo. Kiasi ni jambo jingine.

Huenda umeudhika, ukauliza kwa nini tupime uaminifu wa kazi ambayo yenyewe ni kuua kwa furaha. Swali lako lina haki, na nchi yetu ilikwisha kulijibu kwa njia yake ilipopiga marufuku uwindaji wa namna hii mwaka 1977. Watu wa huko hujibu kwamba fedha za leseni, na kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa ajili ya wanyama kwa sheria ya mwaka 1937, zimesaidia kuwarudisha wanyama waliokaribia kwisha. Kesi hiyo sitaiamua hapa. Nasema tu kwamba yeyote aishikaye kazi ile hawezi kulikwepa swali la kwanza.

Nami silikwepi katika kazi yangu. Mwaka wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu, baba mmoja alinijia na noti mkononi, akataka nimhakikishie kwamba mwanawe atafaulu mtihani. Nilimweleza kwamba mtihani si mali yangu. Niliweza kumwahidi kufika darasani kila asubuhi, kusahihisha kila daftari, na kumwonya kijana akianza kulegea. Alinisikiliza kwa adabu, akakunja noti zake, akasema kwamba yuko mwalimu mwingine aliyeahidi zaidi. Kwa siku kadhaa nilijiona mjinga, na hata leo sijui yule kijana alipata nini.