Kiapo Nilichokivunja



Nasoma saikolojia hapa Bujumbura, mwaka wa tatu. Wapo Buyenzi wanaosema ni elimu ya makafiri. Jibu lao ni jepesi: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akazieleza huzuni na hofu kuwa maradhi yenye tiba. Mjadala huo haunisumbui tena.

Linalonisumbua ni hili. Usiku mmoja baada ya Isha, mwenzangu wa bweni alinishika mkono. "Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu." Nikasema wallahi, kabla sijajua naapia nini. Ndipo akaniambia amechoka kuishi, na kwamba alikwisha kujipanga.

Siri ni amana. Dini yasema hivyo, na darasani tunafundishwa hivyo hivyo. Nilikesha naye, na alfajiri nikampigia simu kaka yake. Akaja, wakaenda hospitali. Alhamdulillahi, yu hai, amerudi masomoni. Ila hanisemeshi. Aliniandikia neno moja tu: "Nilikuamini."

Kuhusu kiapo, njia ipo: aliyeapa kisha akaona lililo bora, alifanye na atoe kafara. Kulisha masikini kumi kwa mfuko wa mwanafunzi sikuweza (mnaujua mfuko huo), nikafunga siku tatu. Lakini kafara ni haki ya Mwenyezi Mungu. Imani aliyoniwekea yule ndugu ni haki ya mja, na saumu yangu haiifuti.

Ile simu ningeipiga tena. Kosa langu ni kuapa haraka. Mshauri husema mipaka mwanzoni: nitakutunzia siri, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Mtihani wa somo hilo nilikuwa nimeshaufaulu! Lakini nilifurahi kuchaguliwa, nikataka anione mwaminifu.

Wenzangu darasani wananiambia: ungetaja mipaka angenyamaza, na kesho yake tungemswalia, kiapo chako ndicho kilichomwokoa. Huenda. Hata hivyo siwezi kukifanya kiapo chambo. Ikijulikana kwamba wallahi yetu huvunjika, wa pili hatamwambia mtu yeyote.

Ijumaa iliyopita tulijikuta safu moja, mimi kuliani kwake. Imamu alipotoa salamu, ilimbidi anigeuzie uso. Nikaipokea, ingawa sijui kama alinikusudia.