Dumuzi kwa Jina la Scania

Mama yule alipiga simu Ijumaa jioni, akauliza kama hapa ndipo wanapoandika habari za wakulima zinazosomwa kwenye simu. Nikamjibu ndipo. "Mwanangu," akasema, "mlisema tuweke dawa, tukaweka. Mahindi yote yamekuwa unga."

Alikuwa akipiga kutoka mkoa wa Tabora. Magunia 11, chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno mengine. Mjukuu wake ndiye aliyetafuta kwenye tovuti yetu. Aliandika "skania", hakupata kitu. Akaandika "wadudu wa mahindi", ukafunguka ukurasa wa fukusi. Mama akanunua dawa iliyotajwa pale, akaichanganya kwa kipimo kilichoelezwa, akafunga magunia yake. Alifuata kila tulichoandika. Mimi ndiye niliyepanga kurasa za tovuti ile, na hasara yake ilianzia mezani pangu.

Scania ni jina ambalo wakulima wengi wa Tanzania wamempa dumuzi, jina lile lile la lori. Wakenya wengine humwita Osama. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa Afrika alitambuliwa kwanza Tabora penyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa punje, anatoboa muhogo mkavu, anatoboa hata miti ya kihenge, na nyuma yake huacha vumbi jeupe. Vipimo vilivyofanywa Tanzania miaka ile vilionyesha kuwa mahindi yanayohifadhiwa yakiwa bado kwenye magunzi yanaweza kupoteza karibu theluthi moja ya uzito wake ndani ya miezi sita.

Fukusi naye hula mahindi ghalani, na mtu asiye mtaalamu ataona wote ni wadudu tu. Lakini dawa zao hazifanani. Pirimiphos-methyl humuua fukusi vizuri, dumuzi akaistahimili. Permethrin humuua dumuzi, fukusi akasalimika. Ndiyo sababu zikatengenezwa dawa za unga zenye viambato vyote viwili kwa pamoja. Ukurasa wetu wa fukusi ulikuwa wa zamani na ulitaja kiambato kimoja, kile kinachomfaa fukusi. Ukiusoma kama ukurasa wa fukusi, haukuwa na kosa hata moja.

Ukurasa wa dumuzi nao tulikuwa nao, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu, una picha, unaeleza kupukuchua mapema, kukausha, kuchanganya dawa na kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Ila kuufikia ilibidi uanzie Kuhusu Sisi, uingie Idara, kisha Utafiti, kisha Miradi Iliyokamilika, kisha Teknolojia za Baada ya Mavuno, ndipo ukutane na kichwa "Udhibiti Shirikishi wa Dumuzi". Wakati wa kujenga tovuti kila mkuu wa idara aliomba mlango wake kwenye menyu, nami nikampa. Nilichora upya ngazi za ofisi yetu nikaziita mpangilio wa maarifa. Mkulima hajui mradi uliomtafiti dumuzi ulikuwa chini ya idara gani, na hana sababu yoyote ya kujua.

Jumatatu nilifungua kumbukumbu za kisanduku cha kutafutia. Kwa miaka miwili zilikuwa zikijiandika zenyewe na sikuwahi kuzitazama. Nilisoma hadi mchana. "Skania", "scania", "sikania", "osama wa mahindi", "dudu linalosaga mahindi", "mahindi kuwa unga ndani ya gunia". Kila mstari ulikuwa na sifuri pembeni yake. Mtu alikuwa amesimama mlangoni kwetu akiita, nasi tumekaa ndani na jibu mkononi, kwa kuwa tu hakuita kwa jina tulilolizoea.

Kulikuwa na matatizo mengine ambayo lugha yetu huyaleta na chombo chetu cha kutafutia hakikuyajua. Kilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako maneno kwa kawaida hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mdudu, wadudu, kidudu, ghala, maghala. Kwa mashine yale yalikuwa maneno matano yasiyojuana. Na aliyeandika "hifadhi" akitaka kuhifadhi nafaka alipelekwa kwenye kurasa za hifadhi za misitu.

Niliomba ruhusa nikaandika mada zetu zote kwenye kadi, mada moja kadi moja, nikaenda nazo kwenye vikundi vya wakulima. Niliwaomba wazipange kwa makundi wanavyoona wenyewe, kisha kila kundi walipe jina. Nilitarajia makundi ya wadudu, magonjwa, mbegu, mbolea. Hawakupanga hivyo. Walipanga kwa wakati: kabla ya mvua, shambani, ghalani, sokoni. Mama mmoja alikaa na kadi ya dumuzi mkononi muda mrefu. Alikuwa na rundo la mahindi na rundo la muhogo mkavu, na mdudu ni mmoja. Mwishowe akaiweka katikati, akaniambia, "Huyu anakula huku na huku, kwa nini unanilazimisha nichague?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan alilishughulikia mwaka 1933, alipochapisha mfumo wake wa kupanga vitabu kwa nyuso kadhaa badala ya tawi moja la mti. Kitabu kwenye rafu hulazimika kukaa mahali pamoja. Ukurasa wa tovuti haulazimiki, ila mimi nilikuwa nimeupanga kama kitabu.

Sasa kila ukurasa una alama za nyuso tatu: zao, wakati na tatizo. Dumuzi anafikiwa kupitia mahindi, kupitia muhogo, na kupitia ghalani. Menyu imebaki na yale maneno manne ya wakulima, na majina ya idara yamehamia chini kabisa ya ukurasa. Wakuu wawili walinikasirikia. Kila dhana ina jina moja kuu na visawe vyake vyote, pamoja na tahajia ambazo watu huziandika kweli, hata zile ambazo mwalimu angezisahihisha. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lililoko Roma, hufanya hivyo katika orodha yake ya istilahi iitwayo AGROVOC: dhana ni moja, nayo huwekewa majina ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Lakini Scania hawezi kuletwa na orodha ya Roma. Huyo analetwa na aliyemwona gunzini. Kwenye ukurasa wa fukusi tumeweka picha mbili kwa juu, fukusi na dumuzi, na swali moja kabla ya jina la dawa: je, unaona vumbi la unga?

Nilimpigia mama yule kumwambia. Mjukuu aliandika "skania" tukiwa bado kwenye simu, nikasikia akimsomea bibi yake kwa sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama hayo yalikuwapo tangu mwanzo. Nikamwambia ndiyo, yalikuwapo. Alinyamaza kidogo, akasema mahindi ya kununua yamepanda bei, akakata.

Kila Jumatatu asubuhi nafungua orodha ya maneno yaliyopata sifuri kabla ya kufungua barua. Wiki hii lipo moja nisilolijua. Limetafutwa mara nne usiku mmoja, kila mara kwa tahajia tofauti kidogo. Nimempigia afisa ugani wa upande ule, hajapokea bado. Nitampigia tena mchana.