Sadaka Isiyotugharimu Kitu

Somo: 2 Samweli 24:18–25



Mfalme Daudi alikuwa amekosa, na tauni ilikuwa imewaua watu wengi wa Israeli. Ndipo akaamriwa kumjengea Mungu madhabahu katika kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Arauna alipomwona mfalme akija alimwinamia, akataka kumpa vyote bure: kiwanja, ng'ombe wa kuteketezwa, na vyombo vya kupuria viwe kuni. Mtu mwingine angalifurahi kwa bahati hiyo. Daudi alikataa, kwa maana alijua ya kuwa sadaka isiyomgharimu mtoaji kitu haistahili kuletwa mbele za Mungu. Akatoa shekeli 50 za fedha, akanunua, kisha akatoa sadaka yake.

Neno hili tumelikumbuka tulipojifunza habari za Wakristo wa Alabama, jimbo moja la kusini katika nchi ya Marekani. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake na sheria zake. Mwaka 1998 watu wa Alabama walimchagua Don Siegelman awe gavana, naye alikuwa ameahidi kuanzisha bahati nasibu ya serikali. Faida yake, alisema, itawalipia vijana karo ya vyuo vikuu, itawafundisha watoto wadogo kabla ya kuingia shule, na itanunua kompyuta za mashule. Mfano wake ulikuwa jimbo jirani la Georgia, lililokuwa likifanya hivyo tangu mwaka 1993. Lakini Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 ilikataza bahati nasibu, hata watunga sheria hawakuweza kuiruhusu pasipo wananchi wenyewe kupiga kura. Siku ikawekwa, tarehe 12 Oktoba 1999.

Mwanzoni watu wengi walilikubali shauri lile. Maana ni nani atakayesema hataki watoto wasome? Ndipo Wakristo wa sharika mbalimbali, Wabaptisti na Wamethodisti na wengine, wakaanza kusema na jirani zao. Wachungaji walihubiri, na washarika walikusanyika na kuulizana swali moja: Fedha hizi zitatoka kwa nani?

Swali hili ni jema, nasi yatupasa kulijua jibu lake. Katika bahati nasibu wengi hutoa, na mmoja hupata. Serikali huuza tiketi, huwapa washindi sehemu, huwalipa wauzaji sehemu, na iliyobaki ndiyo iendayo shuleni. Basi shilingi moja ikifika shuleni, shilingi nyingi zimekwisha kutoka mifukoni mwa watu. Tena wataalamu walioichunguza Georgia walikuta ya kuwa maskini hutumia katika tiketi sehemu kubwa zaidi ya mapato yao kuliko tajiri, na karo ile iliwafikia zaidi watoto wa wenye nafasi. Hivyo mama afuaye nguo za watu humsomesha mwana wa tajiri, naye hajui kama anafanya hivyo. Yeye adhani ananunua tumaini. Na serikali, iliyowekwa na Mungu iwalinde wanyonge, hugeuka kuwa mpiga mbiu wa kamari, ikiwaita wanyonge hao waje kupoteza.

Siku ya kura ilipofika, watu kama 54 katika kila 100 walikataa. Walikataa vema, nasi twamshukuru Mungu kwa ujasiri wa wote waliotoa muda wao na fedha zao kwa ajili ya jambo hili.

Lakini, ndugu, tusifunge kitabu hapa. Yako mambo mawili yaliyofuata, nayo ni mafundisho kwetu.

Jambo la kwanza. Baraza la Seneti la Marekani lilifanya uchunguzi, na mwaka 2006 likatoa taarifa yake. Ilionekana ya kuwa zaidi ya dola 1,000,000 za vita dhidi ya kamari katika Alabama zilikuwa zimetoka kwa kabila la Wachoctaw wa Mississippi, wenye nyumba kubwa ya kamari katika jimbo hilo jirani. Wao hawakutaka wacheza kamari wa Alabama wabaki kwao na kuacha kuja Mississippi. Fedha zilipitishwa katika mikono ya watu wa kati, hata zilipofika zilikuwa hazionyeshi tena zilikotoka. Wengi waliohubiri na kuomba hawakujua neno lo lote la haya, wala hatuwalaumu. Lakini twajifunza ya kuwa mkono unaotusaidia katika kazi njema yafaa uulizwe umetoka wapi. Hata wale makuhani wakuu waliomsulibisha Bwana waliona haya kuzitia fedha za Yuda katika sanduku la hazina. Je, sisi tutaacha kuuliza?

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 2003 gavana mwingine, Bob Riley, naye Mbaptisti, aliwaletea watu wa Alabama shauri la kodi. Wakati ule familia ya watu wanne ilianza kutozwa kodi ya mapato ikiwa imepata dola 4,600 tu kwa mwaka, na wenye mashamba makubwa ya miti walilipa kidogo sana. Gavana alitaka maskini wapunguziwe mzigo, wenye mali waongezewe, na mashule yapate fedha. Alisema waziwazi ya kuwa imani yake ya Kikristo yamwagiza kuwaangalia maskini. Tarehe 9 Septemba 2003 watu walipiga kura, na wapata wawili katika kila watatu walikataa. Wako waliosema hawaiamini serikali kwa fedha zao, na yamkini walikuwa na sababu. Walakini twaona ya kuwa jimbo lile lile, lenye makanisa yale yale, lililokataa watoto wasomeshwe kwa kamari, lilikataa pia wasomeshwe kwa kodi ya wenye nacho. Wakristo wengine walisimama upande wa gavana, lakini hawakutosha.

Basi mtoto wa maskini alipata nini? Aliambiwa, Fedha ile ni chafu, na neno hilo ni kweli. Kisha alipotazama fedha safi, hakuziona. Ndiyo sababu shauri la bahati nasibu halikufa. Limerudi tena na tena, na mwaka 2024 lilishindwa katika Seneti ya Alabama kwa upungufu wa kura 1 tu. Nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, aliyetoka hurudi.

Ndugu, tusiwahukumu wa Alabama, bali tujipime sisi wenyewe. Hata kwetu vijana huweka fedha ya chakula katika kamari ya michezo, kwa simu iliyo mkononi. Ninyi walimu wa sharika mwawaona, na mwawaonya, nanyi mwafanya vema. Lakini kijana akikujibu, Mwalimu, nimekosa karo, nimekosa mtaji, nanyi wazee wa usharika mlinipa nini? utamjibuje? Kumkataza hakutugharimu kitu. Kusema Hapana katika mimbari hakupunguzi hata senti moja katika mfuko wetu. Ni kiwanja cha Arauna hicho, tulichopewa bure.

Kwa hiyo twawasihi. Usharika utakaohubiri mwezi huu juu ya kamari, na utenge mwezi huu huu sadaka kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekosa karo, au kijana mmoja aliyekosa jembe au cherehani. Wala msiitafute sadaka hiyo kwa kuuza tiketi za zawadi kanisani, mkiponya jeraha kwa kisu kilichokata. Toeni katika mavuno yenu na mishahara yenu, kila mtu kwa kadiri alivyo, na mwenye nyingi atangulie.

Wala tusidhani ya kuwa kwa kutoa hivyo twainunua neema. Neema imekwisha kununuliwa. Chini ya msalaba askari walikaa wakilipigia kura vazi la Bwana, kila mmoja akitumaini kupata pasipo gharama. Na juu yao Mwana wa Mungu alikuwa akilipa deni lote, hata deni lao wale askari. Sisi tu watu wa nani, wa wale waliokaa chini wakingojea bahati, au wa Yeye aliyelipa? Kama tu watu wake, basi na tujifunze kulipa kwa ajili ya jirani, kwa furaha.

Mungu atupe mikono safi, tena mikono iliyofunguka. Amin.