Je, Kutojua ni Udhuru?

Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, mwenzetu mmoja alianguka gwarideni asubuhi, akatetemeka na kutokwa na povu mdomoni. Tulikimbia sote. Tulikuwa tumeambiwa kwamba aguswaye na povu lile huambukizwa kifafa. Alizindukana peke yake mavumbini, na juma lililofuata hakurudi shuleni. Tangu siku ile nimejiuliza: je, tulikuwa na hatia, au kutojua kwetu kulitutakasa?

Wako wasemao kwamba asiyejua hana kosa. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Mtu ambaye elimu haikumfikia si sawa na yule aketiye kando ya kisima akafa kwa kiu. Kutojua kwa wa kwanza ni msiba. Kwa wa pili ni hiari yake.

Na kisima siku hizi ki karibu. Yapata miaka 2,400 iliyopita, kitabu cha Wayunani kijulikanacho kwa jina la Hippocrates kilieleza kwamba kifafa chatoka katika ubongo, si kwa miungu. Mwaka 1929 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alitangaza namna ya kupima umeme wa ubongo wa binadamu. Kifafa ni msukosuko wa umeme huo, wala hakiambukizi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kufundisha misingi ya elimu hiyo kwa intaneti, bila ada kwa asiyetaka cheti.

Labda utasema huna simu. Udhuru huo wakubalika, maana hatudaiwi tusichoweza. Lakini mwalimu yupo, na muuguzi wa zahanati yupo. Kuuliza hakuna ada.

Tena, masomo ya majuma machache hayamfanyi mtu tabibu. Hayakupi ruhusa ya kutibu, yakuondolea hofu. Mlaze mgonjwa ubavu, usimbane, usimtie kitu mdomoni, ukae naye mpaka azindukane. Mtetemeko ukipita dakika 5, atafutiwe daktari.

Sasa najibu swali langu. Siku ile tulikuwa watoto, tukaamini tulichoambiwa; kukimbia kwetu kwaweza kusamehewa. Lakini baadaye nilipata miaka mingi ya kuuliza, nisiulize, wala sikumwendea mwenzetu kumwomba radhi. Hiyo ndiyo hatia yangu. Wewe, msomaji, usiingoje yako.