Fahali Huulizwa Ukoo Kabla ya Bei

Wanangu wafugaji, ng'ombe jike mwenye kasoro atakuharibia ndama mmoja kwa mwaka. Fahali mwenye kasoro huieneza zizi zima. Fahali mmoja mzima huweza kupanda majike 25 kwa msimu, na kila ndama huchukua kwake nusu ya urithi. Ukibakiza mitamba wake, kisha ukawaletea fahali mwingine, robo tatu ya urithi wa wajukuu itakuwa imetoka kwa mafahali hao wawili tu. Hakuna mnyama mwingine zizini mwenye uzito huo.

Hata hivyo, nawaona mnadani mkivutwa na unene na nundu. Unene huletwa na malisho, na ndama hairithi shibe ya baba yake. Nendeni boma alikozaliwa, mkamtazame mama. Je, huzaa kila mwaka? Kiwele chake kimeshikana vizuri na tumbo? Kiangazi humwacha na mwili gani? Wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina, na kwa ng'ombe ni vivyo hivyo. Mkimaliza, ulizeni habari za dada zake: walishika mimba wakiwa na umri gani? Fahali akiwa amekwisha kuzalisha, ombeni kuonyeshwa ndama wake wote, wala msiridhike na yule mmoja anayeletwa mbele kwa kamba.

Ndipo mmkague fahali mwenyewe. Korodani ziwe mbili, kubwa, zinazolingana na zisizo na uvimbe. Mabinti wa fahali mwenye korodani kubwa kwa kawaida hubalehe mapema. Miguu ya nyuma iwe imara, maana ndiyo inayobeba mwili wake anapopanda. Daktari wa mifugo ampime ugonjwa wa kutupa mimba kabla hajakanyaga zizi lenu. Kama ameugua homa kali karibuni, jueni kwamba mbegu huchukua kama miezi miwili kukomaa, kwa hiyo anaweza kupanda kwa wiki nyingi bila kutungisha mimba.

Lakini jicho lina mpaka wake. Huko Marekani alizaliwa mwaka 1962 fahali wa Holstein aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake, zaidi ya 16,000, walisifika kwa maziwa, na damu yake ikaenea duniani. Miongo mingi baadaye wanasayansi waligundua kwamba alikuwa na kasoro ya jeni iliyojificha. Ndama akiirithi kwa baba na kwa mama pia, hufia tumboni. Mimba zilizopotea kwa sababu hiyo zimekadiriwa kufika nusu milioni. Fahali yule hakuwa na dosari machoni pa mtu.

Kasoro za namna hiyo zimo katika kila ukoo. Hukaa kimya miaka na miaka, zikaibuka pale ndugu wanapozaliana. Kwa hiyo sikieni hili kuliko yote: fahali asikutane na mabinti zake. Mitamba wa kwanza wakikaribia kupandwa, kama miaka mitatu tangu alipoingia, aondoke hata kama mnampenda. Muuzeni, au mbadilishane na mfugaji wa mbali ambaye fahali wake si wa ukoo huo na amepimwa. Madume wadogo msiowataka kwa mbegu wahasiwe mapema, la sivyo watapanda dada zao malishoni kabla hamjagundua.

Wanaotumia uhimilishaji nao wasijione wamesalimika. Mbegu ikiwa imetoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, au nje ya nchi, andikeni jina na namba ya fahali kwenye daftari kila jike anapohudumiwa. Bila daftari, mhimilishaji atampa mtamba mbegu ya baba yake, na hakuna atakayejua.

Nawaomba basi, kabla hamjatoa fedha, mwulizeni muuzaji mambo manne: mama ni nani, baba ni nani, ndama wake wako wapi, na alipimwa lini. Akishindwa kujibu, rudini nyumbani na fedha zenu, hata kama mnyama ni mzuri na bei ni nafuu. Msimu mmoja wa kusubiri mtauvumilia. Kusafisha ukoo ulioharibika kutawachukua miaka, na huenda kazi hiyo ikawaangukia watoto wenu.